Namba Arobaini na Moja

Daktari aliingia ghalani saa tisa alasiri, vifungo vyote vya koti lake jeupe vikiwa wazi, na nikajua ana habari njema. Mwanamume yule akiwa na habari mbaya hufunga mpaka kifungo cha shingoni.

"Mama Friji," aliita, "weka kalamu chini. Leo nataka kusikilizwa na mtu aliye hai, si hao wako."

Hao wangu walikuwa marehemu mia moja na kumi na wawili, bongo zao kwenye majokofu saba yaliyopangwa ukutani, nyuzi themanini chini ya sifuri. Ghala letu lilihudumia maabara tano za vyuo vitano. Watafiti wake wote walikuwa wanachunguza pombe inaufanya nini ubongo wa mtu, na hakuna chuo kilichoweza kupata sampuli za kutosha peke yake. Basi wakakubaliana kuziweka pamoja na kugawana kila kitu: vipande vilivyogandishwa, vioo vyenye nyama iliyokatwa nyembamba kuliko karatasi, mashine ya kukatia, na mimi. Mtafiti akitaka kipande analeta maombi, nafungua jokofu kwa ufunguo wangu, tunatia sahihi wote wawili kwenye daftari, anaondoka na boksi lake la barafu kavu. Majina hakuna. Kila aliyelala humo ni namba, jinsia, umri, na kile familia yake ilichosema kuhusu unywaji wake. Majina yalifungiwa kwenye kabati la Profesa, mkuu wetu, na hata yeye mwenyewe hakuruhusiwa kulifungua bila shahidi.

Kwa mmoja wao, mimi sikuhitaji kabati la Profesa.

"Kaka Arobaini na Moja hajambo?" Daktari aliuliza huku akigonga mlango wa jokofu la nne kama anabisha hodi.

"Yuko baridi," nikajibu, kama nilivyojibu kila alipokuja kwa miaka miwili.

Alicheka. Mimi nilitabasamu na kusogeza kiti. Alikaa karibu mno, magoti yake yakagusa yangu, na hakuyaondoa. Mikono yake ilinuka dawa ya kuhifadhia nyama. Mikono yangu pia. Watu wengine hupendana kwa manukato.

"Nina habari mbili," alisema. "Nianze na ipi?"

"Fupi."

"Mama amekubali."

Kwa miezi minane mama yake alikuwa amenihesabia kasoro tatu: mjane, nina mtoto wa miaka tisa, na nashinda na vichwa vya watu halafu nakwenda kupika kwa mikono ile ile.

"Amekubali nini?"

"Uje Jumamosi. Uje na binti yako. Amesema usivae hilo koti na usije ukinuka dawa. Nikamwambia, mama, mimi nanuka dawa hiyo hiyo na umenizaa wewe. Akasema ndiyo maana hataki wawili."

Nilicheka mpaka nikafuta macho. Alinishika kidole kimoja tu, cha pete, akakizungusha taratibu kama anapima kitu. Akanitazama. Alikuwa na namna yake ya kutazama, ile ya mtu aliyezoea hadubini: hapepesi, hana haraka, na unajua anakuona mpaka ndani. Miezi minane nilikuwa naiogopa namna hiyo ya kutazama na kuitamani.

"Na ya pili?" niliuliza.

Aliachia kidole, akatandaza karatasi mezani. "Ijumaa nawasomea maabara zote tano. Na anayenibeba ni huyu."

Juu ya rundo kulikuwa na nakala ya fomu ya familia. Namba arobaini na moja. Mwanamume, miaka thelathini na minane. Chupa mbili za bia, Jumamosi tu. Hakuwahi kulewa kazini. Alikula vizuri.

"Umeona? Chupa mbili kwa wiki. Sasa tazama ubongo wake." Alichomoa picha kutoka chini ya rundo. "Hapa chini kuna vinundu viwili, kama punje mbili za njegere. Vyake vimesinyaa, rangi imekuwa kahawia. Huo ni ubongo wa mtu aliyezama kwenye pombe miaka kumi. Nimeukata mara sitini, nikidhani nimekosea. Sijakosea. Ijumaa nasimama kuwaambia kwamba hiki tunachokiita kidogo si kidogo. Tayari vyuo viwili vinataka kuanzia hapo."

"Na kama fomu ina makosa?"

"Fomu nyingi za humu ni uongo mtupu, unajua mwenyewe. Watu wanamfichia marehemu. Lakini hii imesimama. Mke alikuwepo, mama mzazi alikuwepo, wote wawili wamesema kitu kimoja." Alivilaza viganja vyote viwili juu ya karatasi. "Nikikutana na huyo mjane, nitamshukuru. Mtu anaumia hivyo na bado anasema kweli."

Majokofu yalikuwa yananguruma. Huwa siyasikii. Siku hiyo niliyasikia yote saba.

Niliiona tena ile ofisi ndogo ya hospitali, miaka mitatu nyuma, siku tuliyokubali wabaki na ubongo wake. Afisa ana kalamu, mimi niko kwenye kiti cha plastiki, mama mkwe ubavuni kwangu. Afisa akauliza: alikuwa anakunywa kiasi gani? Nikafungua mdomo. Mama mkwe akaweka mkono juu ya goti langu. Hakuuweka kunifariji. Aliuweka kunishikilia. "Mwanangu hakuwa mlevi," alisema. "Andika bia mbili, Jumamosi." Afisa akanigeukia mimi. "Mke wa marehemu, ni sahihi?" Na mimi, niliyekuwa namwaga pombe kali kwenye sinki kila asubuhi, nikasema sahihi. Niliona ni karatasi tu, itaingia kwenye droo. Aliyekuwa anazikwa ni mtoto wa yule mama, na nilikuwa nimechoka. Mwaka uliofuata kazi ya ghala ikatangazwa. Niliomba kwa sababu sikuweza kulala bila kujua wamemweka wapi.

Ningeweza kunyamaza. Niliwaza hivyo, sitaficha. Ijumaa apigiwe makofi, Jumamosi tule kwa mama yake, binti yangu apate mtu wa kumsahihishia hesabu. Nilikuwa nimebakiza siku nne tu za kunyamaza. Lakini alikuwa bado ameweka viganja juu ya ile karatasi kama mtu anayeapa.

"Usiisome Ijumaa," nilisema.

"Kwa nini?"

"Si chupa mbili."

Alicheka. "Amekwambia mwenyewe?"

"Ndiyo," nilisema. "Kila siku. Kila siku alikuwa ananiambia hajanywa."

Kicheko kilikatika katikati. Alinitazama, akaitazama fomu, akanitazama tena. Kisha mkono wake ukaenda kwenye koti. Kifungo cha chini. Cha pili. Cha tatu. Alivifunga polepole, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni, na hakuwa anajua kama anavifunga.

"Mumeo alikufa kwa ajali," alisema. "Uliniambia ajali."

"Aligongwa na gari. Hiyo ni ajali."

"Uliniambia alikuwa dereva na alikuwa mtu mpole."

"Alikuwa dereva. Alikuwa mpole. Alikuwa mlevi pia. Hukuuliza cha tatu."

Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Hakukiokota. "Miaka miwili nakuja humu namwita kaka. Nagonga mlango wake. Namtania, mbele yako. Nimekuletea vioo vyake uvisafishe."

"Nilivisafisha vizuri."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililonalo."

"Kwa nini walisema uongo, wewe na huyo mama?"

Nikamweleza: ofisi, kiti cha plastiki, mkono juu ya goti. Nilipomaliza alikuwa amenipa mgongo, paji la uso limeegemea jokofu la nne. Alipotambua ni lipi, alilitoa haraka kama ameungua.

"Ulinikubali mimi," alisema bila kugeuka, "ili uwe karibu naye?"

"Acha ujinga. Wewe ndiye uliye karibu naye. Umemwona mpaka ndani. Mimi niliishi naye miaka kumi na mbili na sikuwahi kumwona huko."

Nilidhani atatoka. Badala yake alivuta droo ya meza yangu, akatoa fomu tupu, akaokota kiti, akakaa. Safari hii upande wa pili wa meza.

"Keti," alisema.

"Unafanya nini?"

"Kazi. Maswali thelathini na manne. Leo hakuna wa kukushika goti."

Nikaketi. Alifungua kalamu, na akaanza kwa ile sauti wanayofundishwa kuitumia kwa wafiwa, sauti isiyo na mtu ndani yake.

"Marehemu alianza kunywa akiwa na umri gani?"

"Ishirini na sita. Kabla ya hapo sijui, tulikuwa hatujaoana."

"Aina ya kinywaji?"

"Bia mwanzoni. Kisha pombe kali, zile chupa ndogo za bapa. Zinaingia kwenye soksi."

"Kiasi kwa siku?"

"Chupa kubwa moja, ukizijumlisha. Miaka miwili ya mwisho moja na nusu."

Kalamu ilisimama, ikaendelea. Ijumaa yake yote ilikuwa inamwagika kwenye mstari ule.

"Alikuwa anakula?"

"Nikipika ananiambia ameshakula."

"Alikuwa ameshakula?"

"Hapana."

Tulikwenda hivyo. Usingizi, hatua, macho, mikono. Swali la ishirini na tisa ndilo lililonishinda.

"Kumbukumbu. Alikuwa anasahau mambo?"

"Hakuwa anasahau. Alikuwa anadanganya."

"Eleza."

"Andika anadanganya, inatosha."

"Fomu inataka mfano."

Nikapiga moyo konde. "Nilimwomba amchukue mtoto shuleni. Binti yangu alikuwa darasa la kwanza. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta baba yake amekaa sebuleni. Mtoto yuko wapi? Akaniambia amemchukua, amempeleka kwa bibi yake, njiani wamekula machungwa, na mtoto alikuwa amevaa sweta jekundu. Anaongea taratibu, ananitazama usoni. Nikampigia mama mkwe. Mtoto hayupo. Nikakimbia shuleni. Jua limezama, amekaa getini peke yake, amejikojolea. Sweta jekundu lilikuwa limeshakuwa dogo kwake tangu mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimeligawa."

"Ukafanya nini?"

"Nilimtolea nguo zake nje jioni ile ile, na nikabadilisha kitasa."

"Naye?"

"Alirudi kesho yake anatabasamu. Anauliza kwa nini ufunguo wake hauingii. Nikamwambia unajua. Akasema sijui, mke wangu. Nikamwita mwongo mbele ya majirani. Kesho kutwa akaja tena, anatabasamu, anauliza kwa nini ufunguo hauingii. Siku nne. Swali lile lile, uso ule ule, kama anayeuliza mara ya kwanza. Nikasema huyu mtu hana haya. Siku ya tano aligongwa na gari, mtaa wa tatu kutoka kwangu. Alikuwa anaelekea nyumbani. Ufunguo ulikuwa mkononi."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Vile vinundu viwili," alisema.

"Usiniambie."

"Lazima nikwambie."

"Nimesema usiniambie."

Sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya kwake, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ndivyo vinavyoshika jambo jipya lisimwagike. Vikifa, mtu hana jana. Ana zamani, lakini hana jana. Na ubongo hauvumilii pengo. Unaliziba kwa chochote ulicho nacho, machungwa ya siku nyingine, sweta la mwaka wa jana. Anayesema hivyo hadanganyi. Anaona kabisa kwamba ndivyo ilivyokuwa." Aliigeuza ile picha, uso chini. "Hakujua kwa nini ufunguo hauingii. Kila asubuhi alikuwa hajui upya."

Mimi nina diploma. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma, vitabu vyake vilikuwa kwenye rafu nyuma ya kichwa changu, nimevipanga mwenyewe. Lakini niliyasoma kuhusu watu wenye namba. Hata siku moja sikuyasoma kuhusu mtu aliyekuwa akiniita mke wangu mlangoni.

Sikulia. Nilishika ukingo wa meza. Nikajisikia nasema, "Rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Uongo wake. Miaka mitatu nimesimama juu ya huo. Nimelea mtoto juu ya huo. Alikuwa mwongo, nikamfukuza, basi. Ukiutoa, mimi ni nani? Mimi ni mwanamke aliyemfungia nje mgonjwa siku nne."

"Hukujua."

"Nilikuwa fundi wa maabara. Nani alitakiwa kujua, muuza mboga?"

Macho yake yalikuwa mekundu. Alinyoosha mkono juu ya meza, ukafika katikati, ukasimama pale juu ya fomu kana kwamba kuna kioo mbele yake. Kisha akaurudisha.

"Mama mkwe wako atasemaje?"

"Atasema nimemuua mara ya pili. Tangu alipokuona unaingia kwangu siku ile bomba lilipopasuka, hanisalimii. Anasema nimempa mwanamume wa nje ufunguo wa nyumba ya mwanawe."

"Unampenda bado?"

"Mama mkwe?"

"Usinitanie. Sina nguvu ya utani."

"Swali hilo lipo kwenye fomu?"

"Halipo."

"Basi leo sina jibu lake. Nina lako." Nilimtazama kama anavyotazama yeye, bila kupepesa. "Ungekuwa mtu wa kupita kwangu, ningenyamaza. Ningekuacha usome Ijumaa, na Jumamosi ningekuja kwa mama yako nimeoga mara tatu. Nimekuharibia kazi ya miaka miwili kwa sababu sikuweza kukuona unasimama mbele za watu na uongo wangu mdomoni. Mapenzi yangu ndiyo hayo. Si mazuri. Ndiyo niliyonayo."

Aliinamisha kichwa. Muda mrefu nilikuwa naona utosi wake tu, na nywele mbili nyeupe ambazo wiki iliyopita nilimtania nitazing'oa.

Kisha akaisukuma fomu kwangu. "Thelathini na nne. Hiyo unajaza kwa mkono wako."

Uhusiano wako na marehemu. Niliandika: Mke. Nikatia sahihi. Herufi zilikuwa zimenyooka, sijui kwa nini.

"Nitaipeleka kwa Profesa sasa hivi," alisema. "Nisipoipeleka leo sitaipeleka."

"Najua."

"Ndugu wa sampuli haruhusiwi kushika ghala. Watakutoa."

"Niliwaandikia mimi tangazo hilo. Lipo nyuma ya mlango."

"Nipe ufunguo."

Niliuvua shingoni. Ulikuwa na joto la mwili wangu. Nilimwekea kiganjani na vidole vyetu vikagusana, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoa vyake, na hakuna aliyethubutu kuvifunga.

"Ijumaa utasoma nini?"

"Sina cha kusoma. Nitasimama niseme sina."

"Na Jumamosi?"

"Nitamwambia mama tumeahirisha."

"Tumeahirisha, au tumeacha?"

Alikusanya karatasi zake. Zilimchukua muda, na zilikuwa chache. Alikwenda mpaka mlangoni, akasimama na mgongo wake kwangu, akatoa mfukoni shada lake la funguo.

Nilijua anachotafuta. Ufunguo wangu wa nyumbani ulikuwa humo, nilimpa siku ya bomba na sikuudai tena. Ulikuwa ufunguo wa kitasa kile kile nilichoweka siku nilipobadilisha. Nilisikia pete ya chuma inafunguliwa. Nilinyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi, ili atakapourudisha usitoe mlio.

Alikuwa anaingiza ule wa ghala. Aliubana ubavuni mwa wangu, akaifunga pete, akalitia shada mfukoni.

"Funga madirisha," alisema. "Mvua inakuja."

Nilisikiliza hatua zake mpaka mwisho wa ujia. Mkono wangu ulikuwa bado wazi juu ya meza, na hapakuwa na kitu ndani yake. Ufunguo wa nyumba yangu aliondoka nao.